Mkulima Aliye Chini ya Kichuguu

Asanteni. Naanza na mchwa, na najua wengi mliomo humu mmeliwa boriti za banda au nguzo za ua. Sijaja kumtetea kwenye boriti. Nataka tumtazame porini, kazini kwake.

Savana wakati wa kiangazi nyasi zimekauka, hata ng'ombe anazipita. Kuoza kunataka unyevu, kwa hiyo bakteria na kuvu wa juu ya ardhi karibu wote wamelala. Mchwa wa vichuguu virefu, jamii ya Macrotermes, hawalali. Hutoka usiku, hulifunika bua kwa udongo, hulitafuna humo humo na kurudi nalo tumboni.

Lakini peke yake hamalizi kazi. Kuna lignini, ile inayoufanya mti uwe mgumu, na hiyo humshinda. Basi analima kuvu! Majani aliyoyatafuna huyatoa kama kinyesi, yakiwa yamechanganyika na chembe za uzazi za kuvu, akayapanga kuwa sega. Ukivunja kichuguu utaliona: la kahawia, lenye mikunjo, limejaa vidonge vyeupe kama vichwa vya pini. Vidonge hivyo ni vya kuvu anayelimwa, Termitomyces. Mchwa vijana hula vidonge. Wakubwa hula sega kuukuu kutoka chini, huku jipya likiongezwa juu. Ushirika huu ulianzia Afrika, yapata miaka milioni 30 iliyopita.

Mvua zikishika, kuvu huyo huyo hutoa uyoga juu ya kichuguu. Mmeula sana tu. Katika misitu ya miombo upo ambao kofia yake hufikia upana wa mita 1, mboga ya nyumba nzima.

Udongo wa kichuguu nao mara nyingi huwa na kalsiamu na fosforasi, chakula cha mimea, nyingi kuliko wa pembeni. Laikipia, Kenya, migunga iliyo karibu na vichuguu huzaa zaidi. Wakulima wa Zambia na Zimbabwe huuchimba wakaumwaga mashambani, bila kusubiri mtaalamu kama mimi.

Sasa mahindi. Umechoma mabua yote, ardhi iko tupu, mchwa ale nini? Atapanda kwenye mahindi yako yaliyosimama. Yaache mabua chini. Kwa kawaida hupendelea kilichokwisha kufa. Sisemi hatayagusa mahindi kabisa. Swali la dawa ya kuua mchwa, mzee wa pale nyuma, tulichukue baada ya chai, maana hilo ni refu.