Eti nililipa kwenda kuangalia majani?

Mwangaluka, Mwanza! Na ninyi wa Geita, Musoma na Bukoba, habari za huko. Leo sipo Leeds, kule Uingereza ninakofanya kazi. Hayo mawe nyuma yangu si picha ya kubandika, nipo nyumbani kwa mama, Isamilo, likizo ya wiki 3. Na huo unaovuma kwenye maiki ni upepo wa ziwa, mtanisamehe.

Nilikuwa sitaki kurekodi kabisa. Lakini tangu niweke ile video ya Mei, ya sisi tunatembea kando ya mto kuangalia maua, swali ni lile lile. Kwenye maoni lipo, kwenye meseji lipo. Juzi bodaboda ananishusha Makoroboi, ananigeukia: "Dada, si wewe wa maua? Hivi mlilipa shilingi ngapi kwenda kuangalia majani?" Na baba yangu mdogo mmoja, mwenyewe anajijua, aliandika kwenye grupu la ukoo: "Mchango wa harusi hana. Nauli ya kwenda kupiga picha na maua anayo."

Sasa mimi nikijibu kwa raha mtasema najimwambafai. Nikisema ukweli wa kule mtasema nalia, nirudi basi. Haya. Nataja namba, mengine mtamalizia wenyewe.

Treni kutoka Leeds hadi mji unaitwa Ilkley, basi la kurudia na chai ya njiani, jumla pauni 14. Kwa pauni ya siku ile ni kama shilingi 50,000. Viatu ni vya mtumba, pauni 6, tena nilishakuwa navyo. Mnadhani mitumba ni Mlango Mmoja tu? Kule nako tunavaa. Maua yenyewe hayana kiingilio. Chakula nilibeba michembe ya mama, vile viazi vitamu vikavu, na karanga. Wenzangu wanafungua mikate yao ya kupaka, mimi natafuna michembe, wananiuliza ni ngozi ya nini ile.

Elfu 50, basi. Na sikatai kwamba elfu 50 ni hela. Nakumbuka siku ambazo elfu 5 ilikuwa hela kwetu. Lakini baba mdogo, sikiliza hesabu ya upande wa pili. Ada ya kuomba ukaazi wa kudumu Uingereza, Aprili 2025 ilipandishwa ikawa pauni 3,029. Hiyo ilikuwa inakaribia milioni 11, ya kuomba tu, na wakikukataa hawakurudishii. Kabla ya hapo unafanya mtihani wa maisha ya Uingereza, pauni 50, wanakuuliza habari za wafalme wao ambao hata jirani yangu mzungu hawajui. Nilikuwa nahesabu miaka 5 nifikie huko. Mei hiyo hiyo ya safari ya maua, serikali yao ikatangaza mpango wa kuifanya 10. Mimi nilikuwa na kadaftari ka kuweka akiba, nimechora na vimraba vya miezi. Nilikafunga.

Na hapo sijagusa wakala aliyenipeleka. Simtaji. Alikula hela za mama, za kuuza kiwanja, kwa karatasi ambayo nilikuja kuambiwa baadaye kuwa mfanyakazi hapaswi kulipia. Namsamehe kila Jumapili, Jumatatu namkumbuka upya.

Februari nikaja msibani. Wakati wa kurudi, kwenye uwanja mmoja wa kubadilishia ndege, mhudumu ananidai kadi ya ukaazi. Kadi zile ziliisha muda mwisho wa 2024, sasa kila kitu kiko mtandaoni, na mimi pasipoti nilikuwa nimebadilisha, namba mpya nimeshaiunganisha na akaunti. Namwonyesha kwenye simu, hataki. Nilisimama pembeni dakika 40, jasho linanitoka kama mwizi wa kuku, mpaka mkubwa wake akaja. Wenye pasipoti mpya, unganisheni namba kabla ya safari. Lakini hiyo ni kesi yangu, yako inaweza kuwa tofauti, usije ukaniandikia nimekupoteza.

Wapi tulikuwa? Maua.

Ilikuwa Jumatatu ya Mei 5, 2025, kwao sikukuu. Watu 11, wengi wa kazini na rafiki zao: Wazimbabwe, Mnigeria, Mkenya mmoja, na Waingereza wastaafu. Kiongozi ni mama mtu mzima, umri wa bibi yangu, magoti yake mazima kuliko ya kwangu. Tunaanzia daraja la zamani la Ilkley, tunafuata mto Wharfe kuupandisha, tunapita kijiji cha Addingham, hadi eneo la Bolton Abbey na msitu wa Strid. Kilomita 13 hivi. Njia inapita katikati ya mashamba ya watu, kondoo wanakutazama, na hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Kuna mshale wa njano kwenye mti au lango, maana yake ni njia ya umma kisheria, hata mwenye shamba haruhusiwi kuifunga. Wewe kazi yako ni kufunga geti la kondoo nyuma yako.

Nimetoka kwenye baridi ya miezi. Desemba kule saa kumi kasoro robo jioni jua linazama. Unaamka usiku, unatoka kazini usiku, mtu pekee uliyezungumza naye ni mgonjwa anayekuita kwa jina la dada yake. Mei jua linazama karibu saa tatu usiku. Ndiyo maana wanatoka kama kumbikumbi.

Tukaingia msituni. Harufu ya kwanza ni kitunguu saumu. Nikadhani kuna mtu anapika. Kumbe ni majani mapana, maua meupe, kitunguu cha mwituni kimejaa hadi ukingo wa maji. Kiongozi akachuma jani moja akanipa, nikatafuna na mchembe. Lilihitaji chumvi tu.

Halafu ukipinda kidogo, chini yote ni buluu. Simu yangu ilishindwa, mliona kwenye video imetoka kijivu. Wanaliita bluebell. Ua moja halina maajabu: kashina kameinama upande mmoja, vikengele vimening'inia, ncha zimejikunja nje kama karatasi iliyolowa, ndani chavua ya rangi ya krimu. Lakini yako maelfu. Yanaharakisha kuchanua kabla miti haijavaa majani, maana ikishavaa, jua halifiki chini. Ukija Juni unakuta majani yamelala tu.

Nikatoka njiani hatua 2 nipige picha nzuri. Yule mama akaniita jina langu lote, la kwanza na la ukoo, kama mwalimu mkuu. Jani la bluebell likikanyagwa halitengenezi chakula tena, mmea unaweza kudhoofika miaka. Kutoka mbegu mpaka ua ni miaka kama 5. Miaka 5! Nikacheka peke yangu, nikamwambia basi mimi na hili ua tumeomba siku moja. Hakuelewa. Mkenya ndiye alielewa, akacheka hadi akashika mti. Kiswahili chake cha Nairobi, lakini nilikuwa na wiki 6 sijazungumza Kiswahili na mtu ninayemwona usoni. Kwa hilo peke yake ningelipa pauni 14.

Pale Strid mto unabanwa na mawe mpaka unakuwa mwembamba, unaona kabisa pa kuruka. Mimi mtoto wa Mwanza, nimekulia juu ya mawe, miguu ikaanza kuwasha. Kiongozi akanishika begi. Chini ya yale mawe maji yamechimba kina kirefu, na yamewahi kuua. Nikarudi nyuma.

Sasa kuna mdau aliandika, na hii imepata laiki nyingi kuliko video yenyewe: "Maua ya zambarau? Njoo mwaloni Kirumba uone gugu maji, bure." Umenikamata, nakubali. Gugu maji nalo lina ua zuri, tuseme ukweli. Nilipokuwa mdogo nililibandika nywele, nikachapwa. Lakini lile lilitoka Amerika Kusini, likafika ziwani kwetu miaka ya 1980, na kila mwenye nyavu hapa anajua lililofanya, sirudii. Wenzetu nao wana lao, la waridi, Himalayan balsam, waliliingiza wenyewe 1839 kupamba bustani. Sasa limejaa kando ya mito, wanajitolea kuling'oa kwa mikono. Na hilo nalo ni zuri kwenye picha.

Na njia ile ukiendelea kuifuata siku kadhaa, inaishia Windermere, ziwa kubwa kuliko yote England. Kubwa! Kilomita kama 17 kwa urefu, na upana haufiki hata 2. Nilinyamaza kwa heshima.

Wanaouliza kama mkija muende: sijui. Kuna ninaowajua wako kule miaka 8, hawajawahi kupanda treni ya matembezi, wanafanya zamu mbili na wamejenga Buswelu. Mimi sijajenga. Kila mtu na deni lake. Mkienda, vaeni suruali ndefu, kupe wapo.

Mama ananiita, sato anapoa. Baba mdogo, mchango nimeutoa jana mkononi kwa mwenyekiti wa kamati, laki 2, na risiti hii hapa. Naisogeza karibu na kamera. Inasomeka?