Unanunua Hesi: Mhadhara Kuhusu Jiliwa Kuukuu la Mhunzi

Mafundi wenzangu, nanyi vijana mlioanza juzi kushika nyundo, habari za jioni. Chombo nilichokuja nacho hakikai mezani. Mmeona wenyewe tulivyokibeba watu wawili tukakisimamisha kwenye kisiki. Hili ni jiliwa la mhunzi, jiliwa la mguu: chombo chenye mataya mawili ya kubania chuma. Wengi wenu mnaliita vaisi, nalo ni jina lake pia.

Tazameni huu mguu unavyoshuka mpaka chini. Jiliwa la mezani tulilolizoea mara nyingi ni la chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Linabana vizuri, ila ukilizoesha kupigwa nyundo nzito, siku moja litapasuka, maana chuma cha kusubu hakijui kupinda. Hili limefuliwa kwa nyundo. Pigo la nyundo linaingia kwenye taya la nyuma, linateremka mguuni, linaishia ardhini. Kazi ya meza ni kulizuia lisiyumbe tu. Joseph Moxon, aliyeanza kuchapisha maelezo ya kazi za mafundi mjini London mwaka 1677, aliwahimiza wahunzi wasimamishe jiliwa wima na kulikaza lisitikisike. Tangu hapo mambo mengi ya karakana yamegeuka, lakini sharti hilo liko palepale.

Sasa nije kwenye kununua. Jiliwa langu la kwanza nililipendea mdomo. Mataya yalikuwa yamekutana vizuri, meno yake yote yapo, nami nikatoa pesa bila kufungua skrubu hadi mwisho. Nilipofika karakanani nikabana kipande cha chuma chekundu ili nikipinde. Pigo la tatu kikachomoka, kikaanguka karibu na kiatu changu. Nikakaza tena. Mpini ukazunguka, ukazunguka, haushiki kitu. Hesi, yaani ile mifereji inayozunguka skrubu, zilikuwa zimekwisha.

Kwa hiyo nawaambia: ukinunua jiliwa kuukuu, unanunua hesi. Springi ikikosekana, utafua nyingine kwa kipande bapa cha feleji. Mpini uliopinda unanyooshwa kwa dakika chache motoni. Bamba la kufungia mezani, na pete yake yenye umbo la U, na kabari zake, ni kazi ya siku moja kwa mhunzi wa kawaida. Mguu uliokatika unaunganishwa. Lakini hesi za mraba za ndani ya bomba, ule mrija ambamo skrubu huingia, hizo ni kazi nyingine kabisa. Hata wahunzi wa zamani zilikuwa zikiwatoa jasho: mengi ya majiliwa ya kale yana utepe wa chuma uliozungushwa kama koili, ukaingizwa ndani ya bomba, kisha ukalehemiwa kwa shaba ya njano, ile iliyochanganywa na zinki. Lehemu ile ikiachia, koili inatoka nzima, na jiliwa limekufa mpaka apatikane fundi wa mashine ya kukereza.

Basi fungua skrubu mpaka itoke yote. Muuzaji akikataa, mshukuru uende zako. Futa uchafu, uangalie kilele cha kila hesi. Hesi nzima ina kichwa bapa, kama ukingo wa ngazi. Iliyolika ina kichwa chembamba, na iliyokwisha ni kali kama kisu. Usitazame ncha tu, kwa sababu ncha haifanyi kazi sana. Tazama sehemu ya katikati, ile inayokaa ndani ya bomba wakati mataya yamefunguka kidogo, maana huko ndiko kazi nyingi hufanyika. Kisha rudisha skrubu mizunguko kadhaa, uishike, uivute na kuisukuma. Ikicheza kidogo si neno. Ikienda na kurudi huku ukisikia mgongano, liache.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Unazungusha mpini, na bomba nalo linazunguka, taya halisogei. Usikimbilie kusema hesi zimekufa. Bomba lina kijino kinachokaa kwenye mfuo wa taya la nyuma ili lisizunguke, na kijino hicho hulika. Kukijaza kwa kuchomelea na kukipiga tupa si kazi kubwa. Mimi jiliwa hili nililipata kwa sababu mwenzangu aliyetangulia kulitazama alidhani limekufa.

Na mataya je? Vijana wengi hulaumu kwamba hayakai sambamba. Hayawezi. Taya la mbele limefungwa kwa pini huku chini, kwa hiyo linafunguka kama mkasi, na kuna upana mmoja tu ambapo mataya hulingana. Yakifungwa kabisa yanagusana juu kwanza, na ndivyo yalivyokusudiwa. La kuogopa ni taya moja kukaa pembeni mwa jingine. Hapo pini na mashimo yake yamelika, na unaweza kutia pini nene zaidi au washa, yaani pete bapa za chuma, za kubana. Zaidi ya hilo, pitisha kidole kwenye macho, yaani matundu ya mataya ambamo skrubu na bomba hupita. Ufa ukianza, mara nyingi huanzia hapo, na rangi mpya iliyopakwa mahali pamoja tu ni jambo la kuuliza.

Nikigeukia kulifufua, hili lilikuja limeshikana kwa kutu. Ubora wa mafuta ya kupenya hauna uzito mkubwa kama subira. Nilichanganya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, mbali na moto kwa sababu asetoni hushika upesi mno. Mabomba mengi yamezibwa nyuma, kwa hiyo nililisimamisha na mdomo wa bomba ukiangalia juu, mchanganyiko ukatuama ndani badala ya kumwagika. Kila asubuhi naongeza, napiga kichwa cha skrubu kwa nyundo ya shaba, najaribu mpini. Siku ya sita, nilipojaribu kukaza badala ya kulegeza, nilisikia mlio mwembamba, kama mlango uliofungwa miaka mingi. Skrubu ilisogea labda upana wa uzi. Sikulazimisha. Nikarudi nyuma upana huohuo, nikatia mafuta, nikaenda mbele tena. Mpaka jioni ilikuwa nje yote, na kutu ya kahawia ikishuka kama uji.

Mtu akikushauri utie moto, kumbuka ile shaba ya njano ya ndani. Inayeyuka karibu na nyuzi 900, na huwezi kuiona inapolegea. Joto la kuchemsha mafuta linatosha. Chuma kikianza kuwa chekundu umeshapita mpaka. Na usitie moto kabla asetoni haijakauka kabisa.

Kutu ya nje niliiondoa kwa elektrolisisi: pipa la plastiki, maji, magadi ya kufulia nguo, na umeme wa betri. Jiliwa kwenye hasi, chuma chakavu kwenye chanya. Chuma hicho chakavu kisiwe kile kisichoshika kutu, kwa sababu hutoa sumu ya kromiamu majini. Fanyeni kazi hiyo mahali penye hewa, maana povu lile ni hidrojeni, na cheche moja inatosha. Baada ya hapo brashi ya waya, basi. Tafadhali msilipeleke kwenye jiwe la kusagia. Mkisaga mnafuta alama za nyundo ya aliyelifua, na mara nyingi mnafuta mhuri pia. Kwenye hili, chini ya kutu, kulikuwa na maua madogo yaliyochongwa kwa patasi kando ya mataya. Hayabani kitu. Mtu fulani, mwenye oda nyingine zikimsubiri, alisimama akayachonga. Nikiyaona natulia.

Meno ya mataya yakiwa yamelika, msihuzunike. Taya laini halitii makovu kwenye chuma cha moto.

Mwisho nalipasha moto kidogo na kulipaka mafuta ya kitani. Hapa nisikilizeni vizuri: kitambaa chenye mafuta hayo, kikikunjwa na kutupwa, kinajipasha chenyewe na kinaweza kuwaka. Changu kilianza kutoa moshi ndani ya ndoo nikiwa nakunywa chai. Kitandazeni nje kikauke, au kizamisheni majini. Kwenye hesi na washa ya nyuma ya mpini tieni grisi, na juu ya skrubu mfunge kipande cha ngozi, magamba ya chuma yasiingie.

Kulisimamisha ni haraka: kilele cha mataya kiwe usawa wa kiwiko, ncha ya mguu ikae kwenye tundu la bamba la chuma, na chini pawe pagumu.

Sasa njooni mmoja mmoja. Nimeitoa skrubu, hii hapa. Pitisheni kidole kuanzia nchani kuja huku kichwani. Pale katikati mtahisi hesi zimepungua kidogo, kama ngazi ya zamani iliyokanyagwa sana.