Namna Upasuaji wa Kurekebisha Umbo la Pua Unavyofanywa

Karibuni, watazamaji wetu. Leo tunaufuata upasuaji wa kuondoa nundu ya pua kwa njia ya wazi, na tunawaomba mzingatie tangu mwanzo kwamba pua ni njia ya hewa kabla ya kuwa pambo la uso.

Mgonjwa akishalala kwa nusukaputi, daktari humchoma ganzi iliyochanganywa na adrenalini ili mishipa midogo ya damu ibane, kisha husubiri dakika chache mpaka ngozi ipauke.

Sasa tazameni nguzo nyembamba inayotenganisha matundu ya pua. Hapo hukatwa mstari mfupi wenye pembe, kwa kuwa kovu lililonyooka huonekana upesi zaidi. Mkato huo huunganishwa na mingine iliyo ndani ya matundu, na ngozi hufunuliwa polepole kuelekea juu hadi gegedu na mfupa vionekane.

Nundu huwa ni mfupa kwa juu na gegedu kwa chini: gegedu hukatwa kwa kisu, mfupa husuguliwa kwa tupa au huchongwa kwa patasi. Nundu kubwa ikiondoka, mgongo wa pua hubaki bapa na wazi, hivyo daktari huikata mifupa ya pembeni kwa patasi nyembamba na kuisogeza ndani ili ikutane.

Hatua hii ndiyo inayodai umakini mkubwa kuliko zote, maana kuta za pembeni zikiingia ndani kupita kiasi, mgonjwa hupata pua ya kupendeza lakini hapumui vizuri. Ili kuzuia hali hiyo, vipande vyembamba vya gegedu hupachikwa pande mbili za ukuta wa kati. Mara nyingi huchukuliwa kwenye ukuta huohuo, lakini daktari huacha walau sentimita 1 kwa juu na kwa mbele, la sivyo pua inaweza kubonyea baadaye.

Ncha huumbwa kwa nyuzi, ngozi hurudishwa na kushonwa, na pua hufunikwa kwa bandeji ngumu kwa takriban wiki 1. Mgonjwa hulala akiwa ameinua kichwa na hapengi kamasi mpaka aruhusiwe. Michubuko ya chini ya macho huisha baada ya wiki 2 hivi, ila uvimbe wa ncha huweza kuchukua mwaka mzima. Asikubali kufanyiwa marekebisho ya umbo kabla haujaisha.