Vidole Kwanza, Spana Baadaye

Mhadhara kwa wamiliki wa magari, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za mchana. Nimeombwa niongee kuhusu kubadilisha plagi za injini, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, na waya zake. Naanza na hiki kilichoko mkononi mwangu, na nitakipitisha kwenye viti mkishike. Ni kipande cha silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ya injini ya 1NZ, ile iliyoko kwenye IST, Vitz na ndugu zao wengi walioegeshwa hapo nje. Tundu hili ni la plagi ya silinda ya tatu. Ingizeni kidole. Hesi, zile nyuzi za kukazia plagi, ziko wapi? Hakuna. Ukuta umelika, umekuwa laini kama shingo ya chupa.

Wanaonifahamu wanajua kwamba ukinipa nafasi ya kuzungumzia plagi nitaishia kwenye hesi. Leo naanza nazo, maana mambo mengine yote ya plagi ukikosea unarekebisha kesho. Hili hurekebishi kesho.

Gari lililotoka hedi hii lilikuwa la dada mmoja muuguzi, mkazi wa Mbagala. Halikuwa na tatizo lolote. Alilipeleka sevisi kwenye gereji moja, akanunua plagi nne nzuri, halisi, kwa fedha yake. Kijana aliyemhudumia akachomeka plagi kwenye soketi ya spana, soketi kwenye ekstensheni, ile fimbo ya kurefushia, ekstensheni kwenye racheti, akaishusha tunduni na hapo hapo akaanza kukaza. Mzunguko wa pili plagi ikagoma. Hakuirudisha. Akadhani ni uchafu, akaongeza nguvu. Sasa plagi ni chuma na hedi ni alumini. Plagi ikiwa imeingia mshazari halafu ukailazimisha, inajichongea njia mpya ndani ya alumini. Na kweli ikaingia, ikakaa, gari likawaka vizuri. Dada akalipa, akashukuru, akaondoka.

Wiki ya sita yuko Barabara ya Kilwa anatoka zamu ya usiku, akasikia mlio chini ya boneti kama bunduki, kisha pu-pu-pu-pu. Plagi ilikuwa imeruka kutoka tunduni na kuvunja koili, kile kifaa cha kuipa plagi umeme, iliyokuwa juu yake. Alivutwa mpaka gereji nyingine. Huko wakajaribu kuchonga tundu kwa mkono, wakalichonga upande, na chembe za alumini zikadondoka ndani ya silinda. Gari liliponifikia, hata bushi ya hesi, ile ya kuweka hesi mpya tunduni, haikuwa na pa kushika. Ikabidi hedi ishuke, itafutwe nyingine ya mtumba. Mshahara wa muuguzi mnaujua. Ile hedi mbovu nilimwomba, nikaikata kwa msumeno, na kipande chake ndicho hicho kinachopita.

Yote hayo yamesababishwa na sekunde thelathini ambazo mtu hakutaka kutumia vidole vyake.

Sasa sikilizeni hesabu. Plagi ya gari hilo ina kipenyo cha milimita 14, urefu wa hesi milimita 19, na kutoka uzi mmoja hadi mwingine ni milimita 1.25. Gawanyeni. Mnapata mizunguko kama kumi na tano. Maana yake ni kwamba plagi iliyoingia sawasawa utaizungusha kwa vidole, bila racheti, zaidi ya mara kumi kabla haijagusa chini. Hesabu kwa sauti kama unataka. Ikigoma mzunguko wa pili au wa tatu, imeingia mshazari. Usibishane nayo. Itoe, anza upya.

Na kuna ufundi mdogo wa kuanza. Ukishaishusha plagi tunduni, izungushe kwanza kinyume, kama unafungua, taratibu. Utasikia inadondoka kidogo, tik. Hapo mwanzo wa uzi wa plagi umekutana na mwanzo wa uzi wa hedi. Ndipo ugeuze, ufunge. Na kama tundu lina kina kirefu vidole havifiki, kata kipande cha mpira wa mafuta chenye urefu wa shibri moja, kichomeke kichwani mwa plagi, uzungushe mpira. Plagi ikiingia vibaya mpira wenyewe utateleza, hauna nguvu ya kuharibu. Ndiyo sababu naupenda kuliko ekstensheni.

Vidole vikifika mwisho, ndipo racheti. Toyota wanasema niutoni mita 18 kwa injini hii. Asiye na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, asikate tamaa: ukishika mpini kwenye sentimita 20, hiyo ni nguvu ya kama kilo 9, pungufu ya ndoo ya lita kumi ya maji. Au kwa plagi mpya yenye washa, kile kipete cha chuma, ikigusa chini ongeza nusu mzunguko, uache. Nusu! Naona mzee pale anatikisa kichwa, anasema itatoka. Haitoki, mzee wangu. Ile washa ndiyo inayobonyea na kushika. Ukikaza mpaka mishipa ya shingo itoke, unazivuta hesi za alumini, na siku ya kuifungua zitatoka nazo.

Kuna watu huniambia, mwalimu, unawanyima mafundi riziki. Hapana. Mimi mwenyewe fundi, na watoto wangu wamesoma kwa kazi hiyo. Fundi anakuhitaji kwa kazi ya kubadilisha cheni ya taimingi, kwa gia boksi, kwa umeme uliopotea. Kazi ya plagi kwenye injini kama hii ni nati nne za namba 10, koili nne, soketi ya namba 16. Ukiifanya mwenyewe, una saa nzima ya utulivu. Fundi ana magari sita yanamsubiri juani. Ile subira inayotakiwa kwenye mizunguko kumi na tano mara nne, nani ataitoa kwa moyo kuliko mwenye gari? Na hata ukiamua kumwachia fundi, simama pale, mwambie kwa heshima: kaka, naomba uanze kwa vidole. Fundi mwenye kujua kazi hatachukia.

Jingine linalohusu hesi hizo hizo: injini iwe ya baridi. Baridi kabisa. Umetoka Kimara, umekaa kwenye foleni kwa muda wa saa mbili, ukafungua plagi hapo hapo, alumini ikiwa moto unaweza kung'oa hesi. Fanya asubuhi kabla hujawasha. Na kabla ya kufungua plagi yoyote, puliza vumbi kwenye matundu. Barabara zetu mnazijua. Mchanga ulio juu ya plagi, ukifungua tu, unaingia kwenye silinda.

Tuje kwenye plagi ya zamani. Msiitupe! Zipange nne zote kwa mfuatano wa silinda, kwenye kipande cha boksi, ziandikeni namba. Ncha ya kahawia hafifu au kijivu, injini ni nzima. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Nyeupe yenye vijipele, joto limezidi au petroli ni kidogo. Iliyoloa oili kwenye ncha, oili inaingia silinda. Lakini oili ikiwa nje, imejaa kwenye tundu juu ya plagi, hiyo ni gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, pamoja na raba zake, haihusu ringi za pistoni. Tofautisheni hapo, maana nimeona mtu ameambiwa injini imekufa kwa sababu ya raba.

Mwanya wa plagi, yaani nafasi inaporukia cheche. Soma namba. Plagi ya Denso K16R-U11, ile 11 ya mwisho ni milimita 1.1, na NGK inayoishia na 11 ni hivyo hivyo. Pima kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya. Za iridiamu msizichokonoe, ncha yake ni nyembamba na inakatika. Za kawaida za nikeli badilisheni kwenye kilomita 20,000 hivi, za iridiamu za maisha marefu zinaweza kufika 100,000. Plagi feki zipo sokoni, na hilo peke yake lingetaka mhadhara wake.

Naoneshwa dakika tano, na waya sijazigusa. Basi haraka.

Wenye IST hamna waya, mna koili juu ya kila plagi. Injini ikimisi, yaani silinda moja ikikosa kuwaka, na kompyuta ya kupimia gari ikisoma P0303, hiyo ni silinda ya tatu. Hamisha koili ya tatu uipeleke ya kwanza. Namba ikigeuka P0301, koili ndiyo mbovu. Isipogeuka, rudi kwenye plagi. Msinunue koili nne kwa kubahatisha. Na msiendelee kuendesha gari linalomisi wiki nzima, petroli isiyoungua inakwenda kuchoma masega, kile kisafisha moshi, kwenye ekzosti.

Wenye Corolla za zamani, zile za injini ya 5A na 4A zenye distributa, kile kigawa umeme wa plagi, ninyi ndio wenye waya. Badilisheni moja moja. Toa moja, weka moja yenye urefu ule ule, ndipo uguse ya pili. Ukizitoa zote kwa mpigo utakaa hapo hadi magharibi unatafuta mpangilio wa silinda zinavyowaka, 1-3-4-2. Vuta kwa kushika raba ya kichwani, usivute waya wenyewe, utakatika ndani usiuone. Kwa multimita, kile kipimo cha umeme, ukinzani wa waya ukizidi kiloomu 25, hauna kazi tena. Na kama gari linamisi masika tu, mvua ikinyesha, fungua boneti usiku gizani injini ikiwa inaunguruma, simama mbali, usiguse kitu, uangalie. Waya uliopasuka utauona unatoa cheche za buluu kuelekea kwenye hedi.

Klipu za kutenganisha waya zirudisheni. Nilikuwa na la kusema kuhusu kofia ya distributa na rota, halitawahi.

Kile kipande cha hedi kimefika wapi? Naomba kirudi, natembea nacho. Nimeegesha chini ya mwembe, upande wa geti, na gari halijawashwa tangu saa moja asubuhi. Plagi ziko nje, kipande cha mpira kiko juu ya injini. Anayetaka kufunga ya kwanza aje, nitamhesabia mizunguko.