Upanga wa Mti: Maisha ya Matthew Lyon

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu nanyi wanafunzi, habari za jioni.

Nitaanzia Philadelphia, tarehe 30 Januari 1798, ndani ya Bunge la Marekani. Mbunge wa Connecticut, Roger Griswold, anamuuliza mbunge wa Vermont kama atakwenda kupigana na upanga wake wa mti. Yule wa Vermont anamgeukia na kumtemea mate usoni.

Nasikia mnaguna, na mna haki ya kuguna. Kumtemea mtu mate usoni hakuna pa kukutetea. Lakini upanga ule wa mti ulikuwa umemwandama mtu huyu miaka 22, na nataka tujue ulikotoka.

Jina lake Matthew Lyon. Alizaliwa Ireland mwaka 1749, akavuka bahari angali kijana wa miaka 15, nauli hana. Zama zile asiye na nauli alilipa kwa jasho: tajiri wa ng'ambo humlipia, naye humtumikia miaka kadhaa mpaka deni liishe. Inasimuliwa kwamba mkataba wa Lyon ulinunuliwa kwa mafahali wawili, na alipokuwa mtu mzima kiapo chake kikawa ni kwa mafahali waliomkomboa. Nakipenda kisa hiki. Mtu anayeona haya kwa alikotoka hawezi kuapa hivyo.

Mwaka 1774 akahamia Vermont, nchi ya misitu iliyogombewa na New York na New Hampshire. Walowezi wa huko walikuwa na kikosi chao, Vijana wa Milima ya Kijani, chini ya Ethan Allen. Mei 1775, vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza, Lyon alikuwamo walipoiteka ngome ya Ticonderoga mikononi mwa Waingereza.

Sasa tufike Jericho, maana hapo ndipo penye jeraha. Mwaka 1776 luteni Lyon na askari wachache waliwekwa huko, mpakani kabisa, kulinda mashamba. Msaada ulikuwa mbali, na kila siku ilivuma kwamba adui anakuja. Askari wakakataa kukaa, kituo kikaachwa. Mahakama ya kijeshi ikawavua vyeo maofisa na kuwafukuza, Lyon akiwa mmoja wao. Yeye alishikilia kwamba aliwasihi wenzake wabaki. Mahasimu wake wakatia chumvi: ati alivishwa upanga wa mti ili kila mtu amjue kuwa mwoga.

Mimi nauamini upande wa Lyon, na sababu yangu ni hii: mwaka uliofuata jeshi lilimrudisha, likampa ukapteni na kazi ya kulipa mishahara katika kikosi cha Seth Warner. Nani humkabidhi fedha za askari mtu asiyemwamini? Alitumika katika vita vilivyomfikisha Jenerali Burgoyne wa Uingereza kusalimu amri Saratoga, Oktoba 1777.

Majirani nao walishatoa hukumu yao. Walimchagua kuingia bunge la Vermont mwaka 1779, wakati Vermont ilikuwa bado inajitawala peke yake. Haikuingia katika Muungano wa majimbo ya Marekani mpaka 1791. Mwaka 1783 alianzisha mji wa Fair Haven, akajenga kiwanda cha chuma na kiwanda cha karatasi, akachapisha gazeti, na kwa miaka mingi akauwakilisha mji huo bungeni. Mwaka 1797 akapanda hadi Bunge la Marekani, na huko ndiko alikokutana na Griswold.

Baada ya yale mate, hoja ya kumfukuza bungeni ilipata kura 52 kwa 44. Theluthi mbili haikutimia. Griswold akajichukulia sheria mkononi: tarehe 15 Februari alimcharaza Lyon bakora humo humo ukumbini, Lyon akajitetea kwa koleo la kushikia makaa.

Julai mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Uchochezi, iliyofanya kuikashifu serikali kuwa kosa la jinai. Lyon alikuwa ameandika kwamba Rais John Adams ana uchu wa fahari na kusifiwa. Kwa maneno ya namna hiyo alipata kifungo cha miezi minne na faini ya dola 1,000, akafungwa Vergennes. Desemba uchaguzi ukafika, naye yumo gerezani. Wakamchagua tena.

Ndiyo maana alikuwepo Februari 1801, Thomas Jefferson na Aaron Burr walipofungana katika uchaguzi wa rais kwa kura 73 kila mmoja na uamuzi ukaangukia Bunge, kila jimbo kura moja. Mara 35 Vermont iligawanyika, Lyon huku, mbunge mwenzake wa Vermont, Lewis Morris, kule. Mara ya 36 Morris alijiweka kando, na kura ya jimbo zima ikatoka kinywani mwa Lyon: Jefferson.

Mwaka huo huo akahamia Kentucky, akachaguliwa bunge la jimbo, kisha Bunge la Marekani kuanzia 1803 hadi 1811. Kuhama huku hunitia simanzi. Katiba ya Vermont ya 1777 ilikataza kumfanya mtu mzima mtumwa; Kentucky utumwa ulikuwa halali. Yeye aliyejua maana ya kununuliwa kwa mafahali alikwenda kuishi huko.

Mashua za vita alizojenga wakati wa vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza zilimfilisi. Mwaka 1820 serikali ikampa kazi katika kituo cha biashara na Wacherokee, wenyeji wa asili wa Amerika, huko Arkansas. Akafia Spadra Bluff, Agosti 1822.

Mwaka 1840 Bunge likapitisha sheria ya kurudisha ile faini na gharama za kesi, pamoja na riba. Fedha zikapokelewa na warithi wake.