Kabla Hujakata Antena ya Gari

Ndugu zangu, fundi akikabidhiwa antena ya redio ya mawasiliano ya gari, macho yake huenda kwenye ufito. Lakini ufito ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bati la gari lenyewe. Ndiyo sababu antena ileile, ikifungwa katikati ya paa, husikika karibu sawa pande zote, lakini ukiihamishia pembeni mwa buti, hurusha zaidi upande uliko bati kubwa.

Urefu hauna siri. Gawanya 75 kwa masafa ya megahezi, upate robo ya wimbi kwa mita, ndio urefu wa ufito. Masafa ya 145 yanatoa takribani nusu mita. Ya 27 yanakaribia mita 2.8, na fimbo ndefu namna hiyo haifai barabarani. Antena zake hufupishwa kwa koili.

Kazi kubwa iko kwenye bolti ya kitako. Piga msasa chini yake mpaka bati ling'ae, maana rangi huzuia umeme. Weka washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi kwa nje kuzuia kutu. Kama umefunga kwenye mfuniko wa buti, usizitegemee bawaba: unganisha mfuniko na bodi kwa ukanda mfupi wa waya uliosukwa.

Sasa mita ya SWR, yaani kipimo kinachoonyesha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena: 1 maana yake hakuna inayorudi. Gari liwe mahali pa wazi, milango imefungwa, watu wamesogea. Pima masafa ya chini, halafu ya juu. SWR ikiwa kubwa zaidi kwenye masafa ya juu, ufito ni mrefu: kata milimita chache, upime tena. Ikiwa kubwa zaidi kwenye masafa ya chini, ni mfupi.

Na SWR ikizidi 3 kwenye masafa yote? Nawasihi, wekeni koleo chini! Hapo mara nyingi ubovu uko kwenye ethi (muunganiko wa kitako na bati) au kebo, na ufito ukishakatwa haurudi.

Wala msihangaikie 1 kamili. Hata kwenye 2, nguvu inayorudi ni kama asilimia 11. Robo ya wimbi juu ya bati zuri ina ukinzani wa takribani omu 36, na kebo ni ya omu 50, kwa hiyo 1.4 ni kipimo cha haki. Mita ikinionyesha 1 kwenye antena kama hiyo, mimi huingiwa na wasiwasi: huenda kuna kitu njiani kinameza nguvu. Nafungua kiunganishi, naangalia kama maji yameingia kwenye kebo.