Daktari Hakusema Wapi: Morogoro na Mahali pa Kutembea

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, walimu wenzangu na ndugu zangu wakazi wa Morogoro.

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na ninajua wapo wanaoweza kuumalizia mhadhara huu kabla sijaumaliza mimi. Nitalisema tena, kwa sababu tangu nilipolisema mara ya mwisho, katika mtaa ninaoishi hakuna mtaro hata mmoja uliofunikwa.

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie umuhimu wa mazoezi. Niwieni radhi, sitauzungumzia. Hakuna mtu ndani ya ukumbi huu asiyeujua. Umesemwa redioni, umebandikwa kwenye kuta za zahanati, na tangu Desemba 2016 tumeagizwa kitaifa kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Watu wameshaelewa. Ninachotaka kuuliza ni mahali: mtu aliyekwisha kuelewa, akavaa raba zake, akafungua mlango, anakwenda wapi?

Nina jirani, mama wa makamo, ambaye miaka michache iliyopita aliambiwa kliniki kwamba sukari yake imepanda na kwamba, pamoja na kumeza dawa, atembee nusu saa kila siku. Ushauri huo ni sahihi kabisa, na unakwenda sambamba na ule wa Shirika la Afya Duniani, linalomtaka mtu mzima apate kati ya dakika 150 na 300 kwa wiki za mwendo wa kumfanya ahemeheme kidogo. Mama yule si mvivu. Alinunua raba, akaamka alfajiri, akatoka. Siku ya kwanza alitembea kando ya barabara ya lami, pale ambapo ukingo umeliwa na mvua na kilichobaki kati ya lami na mtaro wa wazi ni upana wa unyayo mmoja. Siku ya tatu bodaboda iliyokuwa ikikwepa shimo ilimpitia karibu kiasi cha kumnasa kanga. Wiki ya pili akahamia kwenye kiwanja cha mtaa, kile ambacho watoto wetu walikuwa wakichezea chandimu, akakuta upande mmoja umeshamwagwa kokoto na mawe ya msingi wa fremu za maduka. Nilipomuuliza kama bado anaendelea, alinijibu: “Mwalimu, daktari amesema nitembee. Hakusema wapi.”

Hakuacha, ndugu zangu, na hapo ndipo ninapowaomba mnisikilize vizuri. Alianza kuizunguka nyumba yake mwenyewe. Ukienda leo utaiona njia nyembamba iliyokanyagwa mpaka udongo ukang'aa, inapita nyuma ya jiko, chini ya mpapai, kando ya tangi la maji, na kurudi mlangoni. Nimeipima kwa miguu yangu, nikapata hatua 48. Mtu anayekwenda hatua 100 kwa dakika atapiga hatua 3,000 katika nusu saa, yaani zaidi ya mizunguko 62. Kila siku ya Mungu, mama ambaye akiinua macho anauona mlima Uluguru wote umesimama mbele yake, anaizunguka nyumba yake mara 62, kwa sababu nje ya geti mji haukumwachia pa kukanyaga. Watu wanaponiambia kwamba wakazi wa Morogoro hawapendi mazoezi, huwachukua kwa mkono nikawaonyesha njia ile.

Tunajisifu kwamba huu ni mji kasoro bahari, na ninaupenda msemo huo kama ninavyoupenda mji wenyewe, lakini kwa mtu anayetaka kutembea, ipo kasoro iliyo karibu zaidi kuliko bahari. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi. Ukitoka katikati yake kwa miguu unaweza kufika Morningside, kwenye lile jengo la enzi ya Wajerumani, kwa muda wa saa mbili hivi, na juu zaidi kuna kilele cha Bondwa chenye minara ya mawasiliano, zaidi ya mita 2,000. Msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008. Tangu treni ya umeme ilipoanza safari zake Juni 2024, mtu wa Dar es Salaam anaweza kuja kuupanda mlima wetu na jioni akalala kwake. Anayeishi Kihonda, hapahapa mjini kwetu, je? Waulizeni watoto wa Kihonda ni wangapi wamewahi kufika Morningside. Safari ile haishindikani kwa sababu ya mlima. Inashindikana Msamvu, kwenye makutano ya barabara kuu za Iringa na Dodoma, mahali ambapo mtu mwenye mtoto mkononi anavuka barabara kwa dua.

Mtaniambia kwamba watu wetu tayari wanatembea kupita kiasi, na mtanitajia akina mama wa Kiluguru wanaoshuka mlimani alfajiri na mizigo ya ndizi na mboga vichwani kwenda sokoni. Nakubali, na sijasimama hapa kumfundisha mama yule mazoezi. Lakini sensa ya mwaka 2012 iliukuta mji huu na watu wapatao 315,000, na ile ya mwaka 2022 ikakuta zaidi ya 470,000, na wengi wa walioongezeka hawashuki mlimani na ndizi. Wanakaa dukani, ofisini, darasani na juu ya bodaboda kutoka asubuhi hadi usiku. Isitoshe, njia ninayoidai kwa ajili ya mgonjwa wa sukari ndiyo hiyohiyo itakayombeba muuza ndizi bila kumtumbukiza mtaroni.

Mwingine husema kwamba Morogoro ni joto. Ni joto, ndiyo maana naomba kivuli. Tembeeni saa tisa alasiri chini ya miti mikubwa ya zamani kwenye mitaa ya upande wa mlimani, kisha tembeeni saa hiyohiyo kwenye mtaa mpya usio na mti hata mmoja, mtauona mji mmoja wenye hali ya hewa mbili. Waliopanda miti ile hawakutujua sisi, nasi tunaikata ili bango la biashara lionekane vizuri zaidi. Jambo hili linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Halafu huja hoja ya fedha, ambayo ndiyo hunichosha kuliko zote. Tangu mwaka 2016 jiji la Kigali limekuwa na asubuhi za Jumapili ambazo baadhi ya barabara hufungwa magari yasipite, na watu hukimbia, huendesha baiskeli, na hata kupimwa afya hapohapo. Barabara ile ilikuwapo tayari. Kilichoongezwa ni uamuzi na askari wa kusimama njia panda. Bogotá, kule Kolombia, wanafanya hivyo tangu mwaka 1974. Sisi tuna vikundi vya jogingi vinavyotoka Jumapili asubuhi na fulana za rangi moja, vinaimba, vinakimbia katikati ya malori. Vipeni barabara moja kwa muda wa saa tatu. Mfuniko wa mtaro una gharama, sikatai, lakini kukilinda kiwanja kisigeuzwe fremu kunahitaji ramani ya mipango miji kubandikwa kwenye ofisi ya kata, mahali ambapo kila mkazi anaweza kuisoma na kuona eneo la wazi liko wapi na linaishia wapi.

Naona Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema kwa kirefu juu ya shule, kwa sababu mtoto anahitaji wastani wa dakika 60 za kuchangamka kila siku, na sisi tuliokulia kwenye mchakamchaka tunajua kwamba hazipatikani kwenye uwanja wa shule uliojengwa mpaka ukabaki ua. Nilitaka pia kuzungumzia taa za barabarani, maana mwanamke anayerudi kazini saa moja usiku hawezi kutembea gizani hata kama njia ni nzuri, na viti vya magurudumu, ambavyo mitaro yetu haiviruhusu kwenda popote. Hayo mtaniuliza nje.

Kwa sasa nina ombi moja. Jumamosi hii, saa kumi na mbili asubuhi, nitaanzia Msamvu na kutembea hadi mwisho wa lami upande wa mlimani nikiwa na daftari, niandike kila mtaro usio na mfuniko, kila mahali njia inapokatika, na kila eneo la wazi lililozungushiwa mabati. Waheshimiwa madiwani, ninawaomba mje na raba, kila mmoja atembee nami kwenye kata yake. Jirani yangu naye atakuja. Ameniuliza tutapiga hatua ngapi, nikamwambia kwamba safari hii hakuna haja ya kuhesabu.